Kuume njo wapi? Kambo alinielekeza, nikapotea mu Katuba nzima

#1 MutotoRuashi

Yambo bandugu. Niko na ulizo moja, mucheke lakini munijibu.

Juzi kambo yangu mwanamuke, muzazi ya muzazi wangu, alinituma nimupelekee dawa yake ya presha ku Katuba, komine ya hapa Lubumbashi, juu alihamia kwa tantine na mi sijafikaka kule. Akanielekeza mu telefone: «Ukishuka ku taksi unafuata njia ya vumbi mpaka ku muti ya maembe, pale unashika kuume, nyumba ya tatu, mulango ya buluu.» Nikasema ndiyo kambo. Nikashuka, nikafuata vumbi, sasa akili ikasimama, kuume ni nini? Kwanza nikafikiri amesema kuuma, ni kusema kuko imbwa mukali, nikaokota jiwe nikatembea nalo. Alafu nikasema apana, kuume ni kwa banaume, pengine ni fasi bazee banakaaka, na kweli mbele kidogo kulikuwa nganda, nikaingia na jiwe yangu mu mukono nikauliza «samahani, hapa njo kuume?» Bazee balicheka mpaka moja bia ikamutoka mu mapua. Motari mwenye alikuwa inje, kijana kama miye, yeye pia hakujua, akanipakia akanizungusha akanilipisha. Saa nzima. Dawa ilifika, kambo alishakasirika.

Sasa kuume ni adruati ya kifaransa, ao ni agoshi, ni kusema kushoto? Na iyo neno ilitokaka wapi? Nimezaliwa Lubumbashi, nimesoma Lubumbashi, na sijaisikiaka ku mutu mwenye hajafika miaka makumi sita.

#2 KamalondoTuu

Adruati. Uzi umeisha, kila mutu arudi kwake.

#3 MamaKatekista

Mwanangu, ku misa unaendaka kusali ao unaendaka kuangalia bamama ba koro? Tunasemaka kila mara mu Nasadiki, Yesu amekaa kuume kwa Baba. Miaka yote ulikuwa unafikiri amekaa ku nganda na bazee?

Ni Biblia njo ilituletea iyo neno. Zaburi 110 inaanza nayo, «Uketi mkono wangu wa kuume». Na mu Matayo 25, kondoo banawekwa kuume, mbuzi kushoto. Kambo yako alijifunza katikisimu, wewe ulijifunza telefone, njo sababu.

#4 KamalondoTuu

@MamaKatekista pole mama, lakini mi nakaa na mbuzi. Kondoo hata kuchoma haipendezi.

#5 FundiMagurudumu

Tuwe serye kidogo, uzi ni muzuri.

Kuume haina siri. Ni ile «ume» ya mwanaume, unaweka ku- mbele, ni kusema upande ya kiume. Zamani mukono ya nguvu ilihesabiwaka mukono ya mwanaume, na mukono yenye haina nguvu ikahesabiwa ya mwanamuke. Siyo sisi benyewe tu. Mwenye kujua lingala ajibu: mukono ya kuume banaita loboko ya mobali, ya kushoto loboko ya mwasi. Mobali mwanaume, mwasi mwanamuke. Ni kitu moja kabisa. Basi mi nasema iyo neno ilipita ku basoda, juu lingala njo luga ya basoda tangu Beljika, na basoda benyewe balikuwa mu kila kambi huku Katanga, bakatafsiri tu.

#6 MukasaiWaKenya

Fundi umekaribia ukapita mulango. Basoda nini. Ni siye.

Mu tshiluba mukono ya kuume ni tshianza tshia balume, mukono ya kushoto ni tshianza tshia bakaji. Balume banaume, bakaji banamuke. Ukitaka kumwambia mutu akate kuume unasema ku dia balume, basi. Sasa mufanye hesabu. Reli ya BCK (Bas-Congo–Katanga) ilifika kuunganisha Kasai na Katanga mu 1928, Bakasai bakashuka batrein nzima nzima kutumika ku Union Minière, kampuni ya shaba, bakajaa mu kambi, bakaanza kusema swahili na kichwa ya tshiluba. Tshianza tshia balume ikakuwa mukono ya kuume. Mutushukuru.

(Kenya ni komine yetu ya hapa, mutu wa Nairobi asikuye kuuliza tena kama juzi.)

#7 KamalondoTuu

Nilijua tu. Hata mvua, itanyesha, Mukasai atasema ilishuka na BCK.

#8 MdarWaLushi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni Mbongo, niko hapa Lubumbashi mwaka wa saba, nauza vipuri. Naomba kusahihisha kwa heshima.

«Mkono wa kuume» ni Kiswahili cha pwani cha siku nyingi, hakikusubiri treni ya mtu. Kamusi ya Johnson ya 1939 inao, na inakuambia pia kwamba mkono wa kushoto uliitwa mkono wa kike. Yaani pwani nao walikuwa na jozi ileile, kuume na kike, kama lingala na tshiluba. Kwetu siku hizi «kuume» ukimwambia bodaboda atakuangalia kama umetoka makumbusho, tunasema «kata kulia» basi. Kuume kimebaki kanisani na kwa wazee. Kwa hiyo swali la kujiuliza si nani alimpa nani. Ni kwa nini watu wa mbali hivyo wote waliona mkono mmoja ni dume.

@MamaKatekista Biblia haikuleta neno, Biblia ililikuta njiani ikalipa lifti.

#9 MamaKatekista

Na kama haingelipa lifti lingefia njiani, baba. Nani mwingine anasema kuume leo ku Dar, umesema mwenyewe, ni kanisa. Basi niko na haki nusu.

#10 MdarWaLushi

Nusu nakupa mama.

#11 VolkanoGoma

Jambo kutoka Goma. Mbongo amesema «kulia», na hapo njo kuko utamu, juu mbona hakuna mwenye ameuliza kulia ni nini?

Mu kinyarwanda kuume ni iburyo, kushoto ni ibumoso. Iburyo inatokana na kurya, kula. Mukono ya kulia ni mukono ya kulia chakula! Nenda ku cibemba, si muko nabo hapo karibu na Zambia, banasema kulyo na kuso, na ku-lya ni kula. Kwa iyo kuko mafikiri mbili tofauti kabisa: benye kuangalia nguvu (mwanaume) na benye kuangalia sahani. Kiswahili yenyewe ni mulafi, ilikamata zote mbili.

#12 MutotoRuashi

@VolkanoGoma eeeh! Mi nilifikiri ni kulia ya machozi. Naapa. Ku shule mwalimu alisema «mukono wa kulia» na nikajiambia ni mukono ya kupanguzia machozi, juu kweli minapanguzaka na iyo.

#13 KamalondoTuu

Wewe kijana, na jiwe, na machozi. Kambo anakuvumilia sana.

#14 Shoto_Kampemba

Mi ni mashoto na nataka kusema kitu juu munacheza na mukono yenye ilinitesa.

Nilipoanza shule ya musingi nilikuwa naandika na kushoto. Kambo yangu mwanaume hakunipiga, yeye alifungaka kitambaa nyekundu, kipande ya pagne ya zamani, hapa ku kifundo ya mukono ya kuume, kila asubui kabla ya kutoka. Alikuwa anaifunga mara mbili, anavuta na meno, alafu ananiuliza: «Mukono gani inavaa?» Nasema kuume. «Mukono gani inakula?» Kuume. «Mukono gani inaandika?» Kuume kambo. Nafika ku klase, ile kitambaa inanikumbusha dakika tano, alafu kalamu inahamia fasi yake yenyewe. Mwalimu yeye hakuwa na kitambaa, alikuwa na rula, anapiga kwa upande ya chuma. Shule sitaitaja. Leo naandika na kuume maandishi ya kuku, lakini kisu, nyundo, jembe, simu, yote ni kushoto. Na nikisikia neno «kuume» mpaka leo ngozi hapa ku kifundo inabana.

Basi @MutotoRuashi, miye siwezi kuisahau hata nitake. Na mashoto wote bananielewa: kwetu neno ya zamani ya njia siyo ya njia, ni ya adabu. Kupokea kitu na kushoto kwa muzee ni matusi. Kusalimia na kushoto ni matusi. Mutu anakuelekeza «kuume» ni kama anakwambia upande ya heshima.

#15 ProfWaRiva

@Shoto_Kampemba pole sana. Unajua hata bafaransa ni vile vile? Goshi kwao ni mkono wa kushoto na ni mutu mwenye hajue kushika kitu vizuri. Drua ni kuume na tena ni sheria na ni kunyoka. Sisi tumeacha kuume ya bakambo tukakimbilia adruati, na adruati inabeba mzigo uleule.

#16 Shoto_Kampemba

Ndiyo naona. Hakuna fasi ya kukimbilia. Hata mu Biblia ya mama katekista, mbuzi njo tuko siye.

#17 MamaKatekista

Hapana mwanangu, usome Waamuzi 3. Ehudi alikuwa mashoto, alificha upanga ku paja ya kuume, akamaliza mufalme Egloni. Tena alikuwa Mubenyamini, na Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Na mu Waamuzi 20 kuko Babenyamini mia saba bote mashoto, banarusha jiwe haikosi hata nywele. Mungu anawapenda.

#18 KamalondoTuu

Bana ba mkono wa kuume na bote mashoto. Inaonekana iyo kabila pia bakambo bao balishindwaka kufunga kitambaa.

Na @MutotoRuashi jiwe yako iko wapi, kuko kazi.

#19 MdarWaLushi

Hapo kwa Benyamini kuna kitu. Hiyo «yamini» ya kiyahudi ni ndugu wa «yamini» ya kiarabu, na ya kiarabu imo ndani ya Kiswahili chetu tangu zamani, tunasema mtu amekula yamini, yaani amekula kiapo. Maana yake ya asili ni mkono wa kuume, ule unaoinuliwa ukiapa. Kwa hiyo Kiswahili kina kuume, kina kulia, na kina yamini ambayo imesahau kabisa kwamba iliwahi kuwa mkono. Na angalia, hata huyo yamini tunamla!

#20 KopaLobito

Kama tumefika kwa barabu, basi mi naleta yangu. Kushoto inatoka ku kiarabu shimali, maana yake kushoto na kaskazini, inabadilika kidogo kidogo, shima, shota, shoto. Barabu banasimama banaangalia jua yenye inatoka, basi kuume ni Yemeni kule chini, kushoto ni shimali kule juu. Na sisi balitufundisha pale Kasongo na Nyangwe wakati wa Tippu Tip.

#21 MdarWaLushi

@KopaLobito kuhusu waarabu kusimama wakitazama mashariki uko sawa, Yemen na kuume ni ukoo mmoja. Lakini shimali kuwa shoto, kaka, hiyo umevuta mpaka imekatika. L na M zimeenda wapi? Kwa dira Kiswahili kilichukua kiarabu kwa mashariki na magharibi, magharibi ndiyo ileile ya swala ya jua kuzama. Kaskazini na kusini ni upepo, kaskazi unavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kusi unafuata. Majahazi yalisafiri kwa hizo.

#22 KopaLobito

L na M balishuka Kalemie, ku ziwa.

#23 VolkanoGoma

😂😂 Balipenda samaki.

Mi nawaambia huku Goma hatuna haja na kuume wala kaskazi. Tuko na volkano na tuko na ziwa. Unamwambia motari «panda upande ya Nyiragongo» ao «shuka upande ya ziwa», mutoto wa miaka tatu anaelewa. Shida ilikuwa 2002, lava ya mwezi wa kwanza ilipita katikati ya muji, nyumba na duka na njia vikapotea chini ya jiwe jeusi. Muzazi wangu mpaka leo anaelekeza mutu na vitu byenye biko chini ya lava: «pale palikuwaka boulangeri, unakata». Mutu anaangalia, anaona mawe. Kambo wa Katuba ni mwepesi, yeye angalau ameacha muti.

#24 NyaBukavu

Na siye Bukavu ni kupanda na kushuka tu. «Panda Kadutu», «shuka Nyawera». Muji ni milima na zile ndimi zinaingia mu ziwa kama vidole, kuume yako dakika hii, ukikunja kona, imeshakuwa mgongo. Ukimwambia mutu kuume Bukavu anaanguka mu maji.

#25 FundiMagurudumu

Narudi. Mukasai na Mbongo bamenisahihisha nakubali nusu, basoda natoa. Lakini ile ya sahani ya Goma sikubali iwe ya kwanza. Ya mwanaume njo ya kwanza. Juu ya nini? Mukuki. Muwindaji anashika mukuki na kuume, silaha ni ya mwanaume, upande ya silaha ikakuwa upande ya mwanaume. Kushoto alibakia mwanamuke, anabebaka mutoto ku kiuno ya kushoto ili kuume itumike. Angalia mama yeyote ku soko ya Kenya.

#26 KopaLobito

Na upinde? Upinde unashikwa na kushoto! Kuume inavuta kamba tu. Kwa hesabu yako kushoto njo ya mwanaume.

#27 FundiMagurudumu

Nani amesema upinde, nimesema mukuki.

#28 Shoto_Kampemba

Na mama anabeba mutoto kushoto ili kuume itumike, basi kuume njo ya mwanamuke, mwenye kutumika ni nani? Mwanaume na mukuki yake anarudi jioni bila nyama.

#29 MamaKatekista

Asante @Shoto_Kampemba. Amina.

#30 YekeBunkeya

Nawasoma tangu asubui, nacheka peke yangu mu duka. Mumeruka historia ya hapa.

Mbele ya BCK ya 1928, mbele hata ya reli yenyewe kufika hapa Élisabethville kutoka Rodezia mu 1910, swahili ilishakuwa mu Katanga. Mwami Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, akajenga Bunkeya, shaba na pembe za ndovu zinaenda mpaka pwani, watu wa pwani banakuja na nguo na bunduki. Alikufa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, alipigwa risasi na kapiteni wa safari ya Stairs, yenye ilitumwa na mufalme Leopold wa Beljika. Ni kusema kulikuwa bantu hapa benye walisikia swahili ya misafara, na mutu wa musafara anahitaji neno gani kwanza? Maji, njia, kuume, kushoto. Alafu kule ku ziwa Tanganyika, Mpala ilijengwa 1883, na 1885 Bapadri Beupe bakaichukua, bakafundisha mu swahili. Kwa iyo mama katekista na Mbongo wote banaweza kuwa na haki, misafara iliipitisha na misioni ikaiandika.

Mukasai, nyinyi mulikuja mukakuta neno imeshakaa ku kiti. Mulifurahi tu juu ilifanana na yenu.

#31 MukasaiWaKenya

Haya, na kama tulikuta imekaa, nani aliishikilia isianguke? Mu kambi za Union Minière mwanzoni kulikuwa bantu wengi wa Rodezia ya kaskazini, Zambia ya leo, bacibemba, benye kusema kulyo, ya kula. Kama ni kwa bao mungekuwa munasema «kulia» kama Dar. Tukafika siye na balume yetu, mizani ikarudi kwa kuume. Mutushukuru mara ya pili.

#32 KamalondoTuu

Huyu hachoki. Lakini iyo ya mizani... kidogo inasimama 🤔 Musimwambie nimesema.

#33 Mulamu_Belair

Naona kila mutu anaongea kuume na hakuna anaeuliza dada yake alienda wapi. Mbongo alisema ku #8, mkono wa kike. Wengine bazee balisemaka «kuke». Kwa nini kuume imebakia na kuke imekufa?

Mi nilimusikia mara moja tu, muzee wa reli, marehemu sasa, alikuwa anatuelekeza kusogeza kabati: «vuta kuume, vuta kuume, sasa kuke kidogo». Vijana wote tulitazamana. Mama mwenye nyumba akatoka inje kama ana kazi ku jiko. Juu iyo neno, munajua benyewe, iko na maana ingine yenye haisemwi mbele ya bakwe. Njo ilikufa kwa haya. Kushoto ilikuwa pale haina matusi, ikachukua kazi. Na kuume haikuwa na shida, tena kanisa ikamuvalisha kanzu. Mutoto mwanaume amebakia mu nyumba, mutoto mwanamuke amefukuzwa, kama kawaida.

#34 MamaKatekista

😳 Mulamu.

#35 MdarWaLushi

Mulamu amegonga msumari. Kwetu pia «kuke» hukitamki mezani. Ila mkono wa kike ulipona muda mrefu zaidi kwa sababu «kike» ni neno safi. Sasa nao haupo, kushoto ameshinda wote.

#36 ShofereKasumba

Jambo. Munaongea nadaria, mi naongea ya mukate. Naendesha kamiyo Lubumbashi – Kasumbalesa – Ndola. Huku kwetu tunaendeshea kuume ya barabara, ukivuka tu mupaka Zambia banaendeshea kushoto. Kilometre makumi tisa unatembea na akili moja, alafu dakika moja unabadilisha. Kijana wangu, msaidizi, kazi yake pale ni moja tu, kunipigia kelele «kushoto! kushoto!» mpaka nizoee. Nilimukataza kusema agoshi, juu siku moja alisema agoshi na mi kichwa ilikuwa bado Congo, ikasikia tu kelele, tukaangaliana macho kwa macho na basi la Zambia. Kushoto inaingia mu mwili mbio. Neno ya mama inafika mbele ya neno ya shule.

Na hizi gari ndogo zote za Japani zenye zinapita Dar, volani yake iko wapi? Kuume. Kwa iyo Lubumbashi nzima shofere amekaa kuume, ku Baba ao kwa bosi sijue.

#37 VolkanoGoma

Bunagana vile vile, unavuka Uganda, unahama upande. Na shofere wa volani kuume akitaka kupita kamiyo anauliza abiria: «Iko fureshi?» Abiria anachungulia anasema «pita», na maisha ya bote iko mu mudomo ya mama mwenye amebeba kuku.

#38 KopaLobito

Mimi niliambiwa «pita» na abiria mwenye alikuwa analala. Tuliishia mu mihogo ya mutu. Alilipisha mihogo yote, hata yenye hatukugusa.

#39 ProfWaRiva

Turudi kidogo. Ku shule siye tulisimamishwa mu mustari asubui, «a druati, druati! a goshi, goshi!», tunageuka kama basoda. Kwa iyo mwili wa mutoto wa Lubumbashi ulifundishwa kugeuka na kifaransa. Njo sababu motari wa #1 hakujua kuume. Haikufa peke yake, ilifundishwa kukaa kimya mu kur, uwanja ya shule.

#40 MutotoRuashi

Bandugu nimerudi, nilienda leo tena kwa kambo, sasa na mukate na sukari ya kuomba musamaha. Nikamwambia kuko bantu ku telefone, kutoka Goma mpaka Dar, banapigana juu ya kuume yako. Akauliza kama ni juu ya shamba.

Nikamuuliza, kambo, kuume njo nini? Mi nilingojea aseme mwanaume, ao Baba mu mbingu, ao kula. Akanitazama akasema: «Kuume ni mukono ya saa.»

#41 KamalondoTuu

Weee! Saa inavaliwaka kushoto! Basi tangu mwanzo kambo kuume yake ni agoshi???

#42 FundiMagurudumu

Uzi wote unaanza upya 😭

#43 MutotoRuashi

Mungojee. Mi pia nilisema vile: kambo, saa inavaliwa kushoto. Akakataa kabisa. «Ya kambo yako ilikuwa kuume.» Akaenda ku chumba, akarudi na kopo ya maziwa ya Nido, ndani kuko saa ya kambo mwanaume, kioo imepasuka, ukanda wa ngozi umekauka kama mukia ya panya. Alitumika ku reli miaka mingi. Akaichukua akanifunga mwenyewe. Ku mukono ya kuume. Nikauliza mbona huku? Akasema: «Ingine alikuwa anatumikia. Alikuwa mashoto.»

#44 Shoto_Kampemba

🥹 Mashoto wengi tunavaa saa kuume. Angalia mi saa hii.

Mwambie kambo mashoto wa Kampemba anamusalimia.

#45 MukasaiWaKenya

Ku reli? BCK?

#46 MutotoRuashi

Ndiyo. Na alikuwa Mukasai. Sikutaka kuandika juu nilijua utafurahi.

#47 KamalondoTuu

Tumekwisha. Hatalala leo.

#48 VolkanoGoma

Basi kuume ni adruati, tumekubaliana. Sasa @MutotoRuashi, ile siku ku muti ya maembe wewe ulikata wapi?

#49 MutotoRuashi

Muti haiko. Tantine anasema balishaikata, bakachoma makala.